Kuoka Mikao katika Katuni za Kompyuta

Tuchukue mfano wa mama wa Nyasura, wilayani Bunda, anayejitwisha ndoo ya maji. Katika katuni ya kompyuta mwili wake huendeshwa kwa mifupa izungukayo kwenye viungo. Ndoo haina mwendo wake yenyewe. Imefungwa kiganjani kwa sharti, nayo hukifuata kiganja. Ifikapo kichwani, sharti hilo hulegezwa na jingine hushika.

Lakini masharti hayo hueleweka katika programu iliyoyatunga tu. Faili ikihamishiwa programu ya michezo, mara nyingi mama huinua mikono mitupu, ndoo ikabaki chini. Ndipo huja haja ya kuoka: kompyuta hupitia picha moja moja, hupima mahali hasa ilipo ndoo na kila mfupa, kisha huandika tarakimu zake. Kwa picha 24 kwa sekunde, tendo la sekunde 3 lina picha 72. Mifupa 50, kila mmoja na pembe tatu, hutoa tarakimu 10,800. Ni mzigo, ila hauhitaji sharti lolote.

Tofali lililochomwa halirudi kuwa udongo. Ukiusogeza mkono baada ya kuoka, ndoo haitaufuata. Katika Blender, programu ambayo tangu mwaka 2002 hutolewa bure pamoja na msimbo wake, mtumiaji huchagua mambo mawili. Kwanza, upimwe mkao unaoonekana, la sivyo kazi ya masharti haitaandikwa. Pili, masharti yafutwe. Yakibaki yaweza kuusukuma tena mwendo uliokwisha kuandikwa. Basi na iokwe nakala, faili ya asili ihifadhiwe kando.