SOMO: Bidii, maana yake na matumizi yake



Katika somo hili tunaangalia neno tunalolitumia kila siku: bidii. Mzazi humwambia mtoto, "Fanya bidii shuleni." Shefu wa kijiji husema, "Tutie bidii katika salongo." Lakini je, tunapolitaja neno hili, tunaelewana?

1. Maana ya neno

Bidii ni kufanya kazi kwa moyo, kwa uangalifu, na bila kuacha mpaka iishe. Mambo hayo matatu huenda pamoja. Mwenye moyo bila uangalifu huharibu. Mwangalifu asiyevumilia huacha kazi katikati.

Neno lililo karibu na bidii ni juhudi, ambalo asili yake ni Kiarabu. Mara nyingi tunalitumia kwa kazi ya watu wengi, kama vile juhudi za kutafuta amani.

Wale waliosoma Kifaransa wanajua neno diligence, ambalo katika barua za ofisi mara nyingi humaanisha kufanya upesi. Lakini bidii si haraka. Kiongozi anayeandika orodha ya familia 300 kwa saa moja amefanya haraka tu. Yule anayepita kibanda kwa kibanda, akamwuliza mjane hesabu ya watoto wake, kisha akasoma majina mbele ya watu wote kabla ya kuyapeleka, ndiye aliyetia bidii. Orodha mbaya huleta ugomvi siku ya kugawa msaada.

2. Kinyume cha bidii

Bidii ina maadui wawili. Wa kwanza ni uvivu, yaani kukataa kazi. Wa pili ni uzembe, yaani kufanya kazi ovyo bila kujali matokeo.

Tusichanganye uvivu na uchovu. Mama aliyetembea siku tatu na mtoto mgongoni, ambaye leo hana shamba wala jembe, si mvivu. Kumwita mvivu huleta chuki kati ya waliokimbia vita na wenyeji waliowapokea.

3. Bidii ya nini?

Mtu anaweza kuwa na bidii katika mabaya: kulipiza kisasi, au kueneza uvumi usiku kucha. Kwa hiyo haitoshi kusifu bidii. Tuulize kwanza inaelekea wapi.

4. Matumizi yake kwetu

Kwa wazazi: Sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto, katika kifungu cha 16, inasema kwamba kila mtoto ana haki ya kuandikishwa katika ofisi ya serikali bila malipo, ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Kuzaliwa kambini au njiani hakumwondolei haki hiyo. Tunajua jinsi mabishano juu ya uraia yalivyomwaga damu katika Kivu. Karatasi hiyo ndogo itamsaidia mtoto kujulikana kesho ni nani na ametoka wapi. Msiache siku zipite.

Kwa wanaolima shamba la kuazima: Patana na mwenye shamba mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Mseme mipaka iko wapi, ni kwa misimu mingapi, na mavuno yatagawanywa namna gani. Kuelewana kabla ya kupanda ni rahisi kuliko kupatanishwa wakati wa kuvuna.

Kwa kila mtu anayesikia habari ya kutisha: Uliza kwanza nani ameona, wapi, na lini. Kama hakuna jibu, usiipeleke mbele. Mpelekee nyumba kumi au kamati ya amani waichunguze.

Kwa viongozi: Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi yao zinasema kwamba wajibu wa kwanza wa kuwalinda na kuwasaidia ni wa serikali. Bidii ya mama kambini haifuti wajibu huo. Kanuni ya 28 inasema pia kwamba watu warudi kwa hiari yao, kwa usalama na kwa heshima, na washiriki kikamilifu katika kupanga kurudi kwao. Kwa hiyo kiongozi mwenye bidii hasemi "rudini" kwa sababu tu kambi imejaa. Huuliza habari ya njia, ya mabomu yaliyozikwa ardhini, ya maji na ya mashamba. Hutuma wajumbe, wanawake kwa wanaume, wakatazame. Kisha huleta jibu kwa watu, hata kama jibu ni "bado".

Wazee walisema: bandubandu huisha gogo. Amani nayo hutengenezwa kidogo kidogo, kwa orodha iliyo sawa, kwa mapatano yenye mashahidi, na kwa uvumi uliokatwa mapema.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kambi au mtaa wetu, ni kazi gani inafanywa kwa haraka lakini bila bidii? Nani anaumia?
2. Ni watoto wangapi katika jamaa zetu hawajaandikishwa? Nani atawasindikiza wazazi wao juma hili?
3. Ni ahadi gani ambayo viongozi wetu hawajaleta jibu lake? Tutawauliza namna gani kwa heshima?