Uhura Anajua Lugha Ngapi? Mwendelezo wa Star Trek kwa Jicho la Isimu

1. Utangulizi

Kwa miongo kadhaa mashabiki wa Star Trek wamebishana juu ya swali moja: je, filamu na tamthilia za televisheni zenye jina hilo zinasimulia ulimwengu mmoja? Tamthilia ya kwanza ilirushwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969. Filamu ya kwanza ilifuata mwaka 1979, na humo Waklingoni, ambao kwenye televisheni walikuwa na sura za binadamu wa kawaida, walitokea na matuta kwenye paji la uso. Mzozo wa matuta ulipatiwa jibu mwaka 2005, pale tamthilia ya Enterprise ilipoeleza kwamba kuna virusi vilivyowaondolea baadhi ya Waklingoni matuta yao.

Matuta yamepata maelezo. Lugha je? Makala hii inamchunguza mhusika mmoja, Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha Enterprise. Ameigizwa na Nichelle Nichols tangu 1966 hadi 1991, na Zoe Saldaña katika filamu zilizoanza 2009, kisha Celia Rose Gooding katika tamthilia ya Strange New Worlds iliyoanza 2022. Ni mhusika anayetuhusu, kwa kuwa jina lake limetoka katika Kiswahili na Kiswahili amekisema kwenye skrini. Ninadai kwamba mengi yanayoitwa makosa ya mwendelezo kumhusu Uhura hayatokani na matukio kugongana. Yanatokana na waandishi wa nyakati tofauti kuwa na mawazo tofauti juu ya maana ya kujua lugha.

2. Kanuni ya mashabiki

Katika ubishi huu kuna kanuni inayokubaliwa na wengi: kilichoonekana kwenye skrini ni kweli ya ulimwengu wa hadithi, na kilichoandikwa vitabuni tu si lazima kiwe kweli. Ugumu ulizidi mwaka 2009. Filamu ya mwaka huo inaonyesha chombo kilichotoka wakati ujao kikivuruga historia, na kuanzia hapo mkondo mpya wa wakati unazaliwa kando ya ule wa tamthilia ya kwanza. Tangu hapo, mtu akitaja mgongano, mwenzake humjibu: "Huo ni mkondo mwingine." Strange New Worlds, kwa upande wake, imewekwa katika mkondo wa zamani, miaka michache kabla ya matukio ya tamthilia ya 1966. Hivyo Uhura wa 2022 na Uhura wa 1966 wanapaswa kuwa mtu mmoja.

3. Jina

Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka 1962, na kwamba Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia, alilipenda neno hilo akalilainisha mwishoni likawa Uhura.

Tulitazame kimofolojia. Uhuru lina kiambishi u- cha nomino dhahania na mzizi -huru wenye asili ya Kiarabu. Irabu ya mwisho ni sehemu ya mzizi. Haina kazi ya kuonyesha jinsia. Lugha yetu hupanga nomino kwa ngeli, na mwanamke na mwanamume wote wamo katika ngeli ya A-WA. Kugeuza -u kuwa -a ili jina lisikike la kike ni sarufi ya Kilatini na watoto wake, kama Kihispania na Kiitaliano. Kwa hiyo Uhura ni mzizi uliopita katika Kiswahili na kuvishwa tamati ya Ulaya. Anayesema ni jina la Kiswahili na anayesema si la Kiswahili, kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Jina la kwanza lilichelewa zaidi. Tamthilia ya 1966 haikulitaja, wala filamu sita za 1979 hadi 1991. Mashabiki wengine walimwita Penda. William Rotsler alipendekeza Nyota katika kitabu cha 1982, lakini kwa kanuni ya skrini pendekezo hilo halikuwa na nguvu. Filamu ya 2009 ndiyo iliyolitamka, miaka 43 baada ya mhusika kuzaliwa. Ubishi ukahamia kwingine: je, jina lililotamkwa katika mkondo mpya linamhusu Uhura wa zamani? Strange New Worlds ililitumia pia, na hoja ikafungwa.

Kwa msomaji wa Goma kuna jambo la ziada. Mtu anayesema Kinyarwanda akisikia Nyota anaweza kukumbuka kwanza inyota, yaani kiu; nyota ya angani kwake ni inyenyeri. Jina lililochaguliwa kwa sababu ya anga linabeba maana nyingine kilomita chache kutoka hapa. Mashabiki wanaouliza "jina hili lina maana gani?" hawana budi kuongeza: kwa msikilizaji yupi?

4. Kumbukumbu iliyofutwa

Katika kipindi cha The Changeling, kilichorushwa Septemba 1967, mtambo uitwao Nomad unafuta maarifa yote ya Uhura. Muuguzi Chapel anaanza kumfundisha upya kusoma Kiingereza, kama mtoto wa darasa la kwanza. Uhura anapokwama, anatoa Kiswahili, na Chapel anamrudisha kwenye Kiingereza. Mwishoni Daktari McCoy anasema kwamba amekwisha kufikia kiwango cha chuo, na kwamba baada ya juma moja atakuwa amerudi kazini.

Mashabiki wanauliza: kama kila kitu kilifutwa, Kiswahili kilibaki vipi? Na kama kilibaki, mbona vipindi vinavyofuata vinamwonyesha Uhura yuleyule, kama kwamba hakuna kilichotokea?

Swali la kwanza lina historia ndefu katika taaluma yetu. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alieleza kwamba kumbukumbu inapoharibika, yaliyoingia mwisho hutangulia kupotea na yaliyoingia kwanza hudumu zaidi. Mwaka 1895 Albert Pitres, akichunguza wagonjwa wenye lugha nyingi waliopoteza usemi, alidai kwamba lugha inayorudi kwanza ni ile iliyozoeleka zaidi kwa mgonjwa, hata kama si lugha ya utotoni. Kwa mtazamo wa Pitres, Kiingereza, lugha ya kazi ya Uhura ya kila siku, kingetangulia kurudi. Kwa mtazamo wa Ribot, lugha ya utotoni ingesalia. Kipindi cha 1967 kinamfuata Ribot, bila kumtaja. Kinachukulia pia kwamba lugha ya utotoni ya Uhura ni Kiswahili.

Hapo ndipo Strange New Worlds inapoongeza uzito, kwa kuwa inasema Uhura anatoka Kenya. Huko Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwa Katiba ya 2010 ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini kwa Wakenya wengi kinakuja baada ya Kikuyu, Kijaluo, Kikamba au lugha nyingine ya nyumbani. Kwa mtoto wa pwani au wa mjini mambo yanaweza kuwa tofauti. Kwa hiyo The Changeling na Strange New Worlds hazipingani, ila zikisomwa pamoja zinatulazimisha kumpa Uhura utoto wa aina fulani: wa nyumba ambamo Kiswahili kilisemwa tangu mwanzo. Watoto wengi wa Goma wanaujua utoto huo.

5. Kamusi za Kiklingoni

Mgongano mkali zaidi uko katika filamu ya sita, ya 1991. Enterprise inataka kupita kituo cha ulinzi cha Waklingoni bila kutambuliwa. Mashine ya kutafsiri haiwezi kutumika kwa sababu itagundulika, basi Uhura na wenzake wanapekua vitabu vya karatasi na kubabaisha sentensi kwa Kiklingoni kibovu. Nichols mwenyewe hakuridhika na onyesho hilo. Uhura wa 2009, kinyume chake, anajua lahaja zote tatu za Kiromula, na katika filamu ya 2013 anazungumza na Waklingoni ana kwa ana. Jibu la mkondo mwingine lingetosha, kama Uhura wa Strange New Worlds, aliye katika mkondo wa zamani, asingesema kwamba anajua lugha 37. Mtu wa lugha 37, aliyekaa miongo kwenye mawasiliano, anakosaje lugha ya hasimu mkuu?

Kiklingoni ni lugha yenye sarufi kamili, iliyoundwa na mwanaisimu Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya 1984. Kamusi yake ilitoka 1985. Mpangilio wake wa msingi ni mtendwa, kitenzi, mtenda. Kitenzi hupokea kiambishi awali kinachobeba mtenda na mtendwa kwa pamoja, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili, aliyezoea ni- na -ku- katika "ninakuona", hatalishangaa sana. Lugha ya namna hii haisemwi kwa kuokota maneno kamusini.

Wanaotetea filamu ya 1991 wanaweza kutumia hoja ninayoikubali kwa sehemu: kuelewa si kusema. Bibi yangu akinisemesha Kinande namwelewa, lakini namjibu kwa Kiswahili. Katika soko la Virunga muuzaji anaweza kuelewa lugha ambayo hawezi kuijengea sentensi mbili. Kujifanya mzawa redioni ni kugumu zaidi, maana lafudhi itakusaliti hata ukiwa na msamiati. Lakini hoja hii haitoshi. Onyesho halimwonyeshi mtu anayeelewa na kushindwa kutamka. Linamwonyesha mtu asiye na msingi, ili watazamaji wacheke.

Kwa maoni yangu, suluhu iko katika neno mawasiliano. Mwaka 1966 afisa wa mawasiliano alikuwa hasa mtu wa mitambo: kufungua masafa, kupokea ujumbe na kuupitisha. Mwaka 2009 kazi hiyohiyo imekuwa ya mwanaisimu. Filamu ya 1991 inaudhi leo kwa sababu tunaitazama tukiwa na Uhura wa 2009 kichwani.

6. Hitimisho

Mifano mitatu imeonyesha namna tatu za kuifikiria lugha: lugha kama sauti ya kupamba jina, lugha kama tabaka la kwanza la kumbukumbu, na lugha kama kitu ambacho mtu ama anacho au hana. Ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi hapa Goma. Fomu za kazi zinauliza "Unajua lugha gani?" na kuacha kisanduku kimoja cha kutia alama. Anayetia alama kwenye Kihunde kwa sababu anakielewa anaweza kujikuta ametumwa kukalimani mbele ya watu wanaohitaji kueleweka bila kosa. Uhura akibabaisha Kiklingoni tunacheka. Mkalimani akibabaisha zahanati, anayeumia ni mgonjwa. Sisi tutakaofundisha lugha au kutunga fomu hizo tunapaswa kugawa swali hilo angalau mara nne: unaelewa, unasema, unasoma, unaandika?