Musa, Sungusungu na Mashujaa Wavaao Barakoa

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu mfundishao katika mitaa, someni kwanza Kutoka 2:11-15, kisha rudini hapa. Mstari wa 12 usomeni mara mbili, maana ndani yake mna neno dogo ambalo wengi hulipita.

Tulikuwa katika Amri ya Tano na vijana wa Kipaimara, hapa kwetu Mtera, ndipo kijana mmoja akasimama akaniuliza habari ya Batman, yule mtu wa sinema ajifunikaye uso na kutoka usiku kuwakamata wezi. Akasema, “Baba Mchungaji, mtu huyu ana nguvu, ana mali, tena awachukia waovu. Mbona haendi akaandikwa kuwa askari polisi? Na apigapo watu gizani pasipo kutumwa na mtu, je, hiyo si dhambi?” Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa yowe la ng’ombe lilikuwa bado masikioni mwangu, kama nitakavyoeleza.

Kwanza habari ya hadithi zenyewe. Superman, shujaa wa namna hii aliyewatangulia wengine kwa sifa, alitokea katika gazeti la picha huko Marekani mwaka 1938. Waliomtunga ni vijana wawili Wayahudi wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Batman akafuata mwaka 1939. Miaka ile Wamarekani wengi walikuwa wamekosa kazi, na katika miji mikubwa magenge ya wahalifu yalikuwa yamezoea kuwapa rushwa askari na wakubwa. Basi katika hadithi yake ya kwanza Superman alimzuia mume aliyekuwa akimpiga mkewe, akamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kufa bila kosa, tena akamwandama mtu aliyekuwa akimshawishi mjumbe wa baraza la serikali kwa hila. Naye Batman, alipokuwa mtoto, aliwaona wazazi wake wakiuawa na mnyang’anyi njiani. Hivyo hadithi hizi zaanzia pale mlango wa sheria ulipofungwa, au ulipouzwa. Mtu aliyeachwa nje ya mlango huo hawezi kuambiwa tu, “Nenda polisi,” akaridhika.

Lakini iko siri katika hadithi hizi. Sisi tutazamao tumekwisha kumwona mwizi akivunja sanduku, mtunzi ametuonyesha. Kwa hiyo shujaa hahitaji shahidi, wala hakimu, wala siku ya kesi. Mtunzi ndiye shahidi wake, na mtunzi ndiye hakimu wake. Mwondoeni mtunzi, mtabaki na mtu mwenye nguvu, aliyefunika uso, ampigaye mwenzake usiku, wala hakuna ajuaye kama amempata mkosaji au amempata jirani.

Na sisi tukaao kando ya bwawa hili hatuna mtunzi wa kutuonyesha. Mzee mmoja wa huku aliamka akakuta zizi limebomolewa na ng’ombe wanne hawapo. Yowe likapigwa, watu wakatoka na fimbo na mikuki. Kulipokucha wakamkuta mgeni kando ya barabara iendayo Iringa, akiswaga ng’ombe wanne. Wanne kwa wanne! Nani angeuliza zaidi? Nilipofika, mtu yule alikuwa ameketi chini, jicho lake moja limevimba hata halionekani, na kijana mmoja amekwisha kutumwa kutafuta petroli. Katikati ya watu alisimama mwalimu wetu wa mtaa, mtu mfupi asiye na sauti kubwa, naye alikuwa akiuliza neno moja tu: “Nani amemwona akiwatoa zizini?” Akamwuliza huyu, akajibu kwamba amesikia kwa yule, yule naye alikuwa amesikia kwa mwingine, na wa mwisho akasema amesikia kwa yule wa kwanza. Ndipo mwalimu akamgeukia mgeni mwenyewe, ambaye mpaka saa ile hakuna aliyekuwa amemwuliza lolote. Mgeni akatia mkono katika koti, akatoa stakabadhi ya mnada na kibali cha kusafirisha mifugo, karatasi zote mbili zimelowa damu. Mwenye zizi akaletwa, akawatazama wale ng’ombe mmoja mmoja, akasema, “Si wangu hawa.”

Wale waliompiga hawakuwa wanyang’anyi. Wawili kati yao ni washirika wetu. Walikuwa wamechoka, maana kituo ni mbali, na waendapo kuomba askari huambiwa kwamba gari halina mafuta, na mara nyingine mshitakiwa hurudi kijijini kabla ya mshitaki. Mchungaji akiyakana hayo, watu hawatamsikiliza katika mengine.

Nchi yetu imekwisha kulipitia jambo hili kwa upana. Baada ya vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilizagaa, na wizi wa ng’ombe ukawa wa kutisha katika Usukuma na Unyamwezi. Karibu na mwaka 1982, katika upande wa Kahama, wanavijiji wakajipanga kwa pinde na mishale, wakaitwa Sungusungu, kwa jina la wale siafu weusi waumao, ambao mmoja si kitu lakini kundi humkimbiza mtu mzima. Yowe lilipolia, kila mwanamume sharti atoke. Aliyekataa alitengwa, hakuna wa kumpa moto wala maji. Wizi ukapungua sana, na watu wakalala. Mwalimu Nyerere na Chama wakawaunga mkono, na sheria ya mwaka 1989 ikawaingiza katika mgambo na kuwapa uwezo wa kukamata.

Hiyo ni sehemu moja ya habari. Sehemu ya pili ni kwamba viko vikundi vilivyowapiga watuhumiwa mpaka wakiri, vikatoza faini pasipo kuandika, na kuwaandama watu kwa uchawi. Na wakati ule katika Usukuma vikongwe wengi waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Upinde ulikuwa ule ule. Je, tofauti ilikuwa nini kati ya Sungusungu waliolinda na Sungusungu waliotesa? Nimelifikiri neno hili muda mrefu, nami naona ni hili: wa kwanza walijulikana majina, walikaa mbele ya mkutano wa kijiji, wakaweza kuulizwa, wa pili hakuna aliyethubutu kuwauliza.

Wala msidhani kwamba nguo za serikali peke yake zaponya ugonjwa huu. Mwaka 1976, katika kuwatafuta wauaji huko Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na wengine wakafa. Hayati Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Yeye hakumpiga mtu, lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendeka yalitendeka chini ya dhamana yake. Baadaye, mwaka 1985, akawa Rais. Mvaa barakoa hawezi kujiuzulu. Hana kiti cha kuondoka, wala hakuna ajuaye jina la kumwita.

Sasa turudi kwa Musa. Yule Mmisri alikuwa akimpiga Mwebrania kweli. Musa hakusikia kwa mtu, aliona kwa macho yake. Basi haki alikuwa nayo kuliko wale wa barabara ya Iringa. Lakini neno dogo nililowaambia ni hili, kwamba kabla ya kuua aligeuza macho pande zote. Alitafuta kama yuko mtu wa kumwona, na alipokosa, ndipo akaua, akamfukia mchangani. Mchanga ule ndio barakoa yake. Kesho yake akataka kuwaamua Waebrania wawili, na yule mwenye kosa akamwuliza ni nani aliyemweka kuwa mwamuzi wao. Tumezoea kumlaumu mtu yule, maana alikuwa mkorofi. Mkorofi alikuwa, lakini swali lake lilikuwa jema, na Musa hakuwa na jibu, alikimbia. Stefano asema katika Matendo 7:30 kwamba ilipita miaka 40. Musa aliporudi alikuwa na jibu, kwa kuwa sasa ametumwa. Alikusanya kwanza wazee wote wa Israeli (Kutoka 4:29), kisha akaingia kwa Farao waziwazi, na Haruni kando yake. Jeuri ya Farao ilikuwa ile ile.

Hata katika Kanisa letu neno hili lilikuja mapema. Mwaka 1532 Hans Kohlhase, mfanya biashara wa upande wa Berlin, alinyang’anywa farasi wawili na watu wa bwana mmoja wa Saksonia, akiwa safarini kwenda sokoni Leipzig. Alidai haki yake, asiipate. Mwaka 1534 akatangaza vita yake mwenyewe juu ya nchi ya Saksonia, akamwandikia Martin Luther kumtaka shauri. Luther hakumwambia kwamba hakudhulumiwa. Alikiri dhuluma ile, lakini akamshauri akubali amani iwezekanayo, asiwe hakimu katika shauri lake mwenyewe. Kohlhase hakusikia mpaka mwisho. Akaendelea kuteka na kuchoma, na watu wasiojua habari ya farasi wale wakapoteza nyumba zao. Mwaka 1540 akauawa Berlin kwa hukumu.

Mtume Paulo naye akataza kisasi katika Warumi 12:19, na mara baada yake, katika 13:4, asema habari ya mtawala ashikaye upanga. Sura zilitiwa na watu baadaye sana. Paulo aliandika barua moja. Basi apokonyaye upanga mkononi mwa mtu mmoja ataka kuuweka mahali ambapo mshikaji wake aweza kuulizwa. Ndiyo sababu Torati yataka mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu 19:15), na miji sita ya makimbilio ikawekwa, ambako mkimbizi alieleza habari yake langoni mbele ya wazee (Yoshua 20:4). Na Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshitakiwa kutendwa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Basi ninyi walimu, yowe likilia, tokeni. Mwalimu akaaye ndani ya tembe yake usiku ule hatakuwa na la kusema asubuhi. Tokeni pamoja na wazee wawili, ulizeni nani ameona, andikeni majina ya walioshika na ya aliyeshikwa, tena fuataneni naye mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji na hata kituoni, ijapokuwa ni mwendo wa mchana kutwa. Na askari akitaka fedha ambayo haimo katika sheria, nendeni watu wengi kwa mkubwa wake, mchana, kwa majina yenu.

Yule kijana wa Kipaimara nilimjibu hayo kwa kifupi. Akafikiri, akasema, “Basi Batman na avue ile barakoa kwanza.” Washirika wetu wawili walikuja kwangu kabla ya Meza ya Bwana, kisha wakaenda wenyewe kwa mwenyekiti wakataja majina yao, wakalipa gharama ya dawa ya yule mgeni. Jicho lake laona, ila si sana. Ng’ombe wa mzee hawajaonekana hata leo.