SOMO LA KOMPYUTA: NJIA YA FAILI

Muhula uliopita, sisi wa kikundi cha kompyuta tuliandika programu ndogo ya Python ya kutunza pointi za darasa la 3. Siku ya kujumlisha, wanafunzi sita walionekana hawana pointi za hesabu. Lakini mwalimu alikwisha kuziingiza! Zilikwenda wapi?

Tulitafuta sana. Kosa lilikuwa letu. Tuliandika tu:

open("pointi.txt", "a")

Njia ya namna hii haianzi pale programu iko. Inaanzia katika folda (ndiyo dosie) ambamo tulikuwa wakati wa kuanzisha programu. Siku moja tuliianzisha toka folda ingine. Na kwa kuwa "a" inaumba faili mpya ikikosa ya zamani, mashini haikulalamika hata kidogo. Pointi zikakaa fasi mbili.

Basi tushike mambo matatu.

1. Njia ianzie fasi moja inayojulikana. Sasa tunaandika hivi:

from pathlib import Path
hapa = Path(__file__).resolve().parent
faili = hapa / "pointi.txt"

Hapo tunaanzia folda ya programu yenyewe. Hata tukiianzisha toka wapi, faili ni ileile.

2. Tusiunganishe vipande kwa mkono. Windows inatenga folda kwa alama \, Linux na Mac kwa /. Tena, tukiandika "C:\notes\test.txt" ndani ya Python, \n inageuka mstari mpya, na \t inageuka nafasi ya tab. Faili haipatikane! Pathlib, iliyoingia na Python 3.4 mwaka 2014, inaweka alama inayofaa yenyewe. Ila kipande cha pili kisianze na /, sababu hapa / "/pointi.txt" inasahau folda yetu yote.

3. Majina yaandikwe sawasawa. Kwa Linux, Pointi.txt na pointi.txt ni faili mbili. Windows, kwa kawaida, inaziona moja.

Wale sita walipata pointi zao mbele ya matokeo kutangazwa. Tulishukuru, lakini tulisikia haya pia.

ZOEZI: Andikeni print(faili), kisha print(Path("pointi.txt").resolve()). Anzisheni programu toka folda mbili mbalimbali. Njia gani inabadilika, na sababu gani? Tunangojea majibu yenu.