Stilbini katika Tiba: Umbo la Molekuli na Usalama wa Mgonjwa

Stilbini ni jamii ya kemikali zenye pete mbili za benzini zilizounganishwa kwa kaboni mbili zenye kifungo maradufu. Kwa kuwa kifungo hicho hakizunguki kwa urahisi, pete hizo hukaa ama upande mmoja ama pande mkabala. Tofauti hiyo ndogo hubadili kabisa kazi ya kemikali mwilini.

Tuchukue mfano wa kombretastatini A-4, iliyotolewa katika mti wa Afrika Kusini, Combretum caffrum, na kundi la mwanakemia George Pettit wa Marekani. Ikiwa na umbo la upande mmoja, hushika tubulini, protini inayojenga kiunzi cha seli, na kudhoofisha mishipa inayolisha uvimbe wa saratani. Ikigeuka kuwa pande mkabala, nguvu hiyo hupungua sana. Maabara huweza kuiunda kwa mmenyuko wa Wittig, unaounganisha aldehidi na kiwanja cha fosforasi. Lakini maumbo yote mawili hutokea pamoja, hivyo hulazimu kuyatenganisha na kuyakinga na mwanga.

Nguvu, hata hivyo, si sawa na usalama. Mwaka 1938, Charles Dodds na wenzake nchini Uingereza waliunda dietilistilbestroli, stilbini inayoiga homoni ya estrojeni. Wajawazito wengi walipewa kwa matumaini ya kuzuia mimba kuharibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1953 haukuona faida. Na mwaka 1971 madaktari wa Boston waliihusisha na saratani adimu ya uke kwa mabinti ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito.

Leo resveratroli, stilbini iliyomo katika zabibu na karanga, huuzwa kama kirutubisho. Katika maabara huzuia ukuaji wa seli za saratani. Ikimezwa, utumbo na ini huibadili upesi, na kiasi kidogo mno hufika katika damu kikiwa hakijabadilika.

Basi, mhudumu wa afya, muulize kila mgonjwa virutubisho anavyotumia, hasa anayemeza warfarini, kwani hatari ya kutokwa damu yaweza kuongezeka. Nawe mgonjwa, kula karanga zako bila hofu. Ila usiache tiba ya saratani kwa ajili ya kidonge cha resveratroli, na ukiwa mjamzito usikimeze bila ushauri wa daktari.