Dondoo Muhimu: Jini ya Trufeli

Atakaye kuifahamu jini ya trufeli yampasa aujue kwanza msitu wa Piemonte, kaskazini ya Italia, ambako uyoga wa trufeli humea chini ya ardhi, kwenye mizizi ya mialoni, nao ule mweupe wa Alba, ulio azizi kuliko yote, hufukuliwa kwa msaada wa mbwa tangu Oktoba hata Januari. Harufu yake ni latifu mno, na moto huifukuza upesi. Kwa hiyo mkenekaji stadi haupiki pamoja na mreteni uipao jini ladha yake, bali huuroweka katika jini iliyokwisha kukenekwa, au hutumia mtambo uliopunguzwa hewa, ambamo kileo huchemka kwa joto dogo.

Kabla ya kununua, soma kibandiko. Sheria ya Umoja wa Ulaya yataka alkoholi isipungue asilimia 37.5, na ladha ya mreteni itangulie nyingine zote. Lakini ikitajwa harufu ya trufeli pasipo trufeli yenyewe, tahadhari, maana harufu hiyo aghalabu hutengenezwa viwandani.

Wakati wa kuinywa, mimina jini kidogo, ipoe bila kugandishwa, wala usiizamishe katika toniki tamu. Mayai au jibini isiyo kali yaifaa sana.