Gari ya familia ikizima ghafla: pima kwanza ndipo ulipe

Leo naweka pembeni mambo ya viwango vya kubadilisha pesa, maana nikipitia daftari za watu wanaoniomba niwasaidie bajeti naona shimo lile lile linajirudia. Ni gari. Na siyo gari ya anasa, ni ile ya viti saba au nane, ya kupeleka watoto shule, kubeba mzigo wa biashara Jumamosi na kwenda msibani Jumapili. Hapa inaweza kuwa Avanza, Ertiga, Caddy au H1. Nyumbani ni Noah, na wengi wetu ndiyo tumewanunulia ndugu ili ilete chochote mezani.

Ugonjwa wake mkubwa wa kula pesa ni umeme. Injini ikifa kwa kukosa oili utajua umepoteza kiasi gani, utalia siku moja yaishe. Umeme unakula kidogo kidogo: leo betri, wiki ijayo alteneta, mwezi ujao "kompyuta", na gari bado inazima.

Nianze na yangu, ili msione nawasema watu.

Juni mwaka 2023 gari yetu ilianza kugoma asubuhi. Baridi ya Joburg mnaijua, tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na alfajiri ya Juni nyasi zina barafu. Jirani akasema betri. Nikanunua mpya, R1,500. Wiki mbili baadaye, saa mbili usiku, niko M2 narudi na mke wangu na watoto wawili, gari ikazima yote kwa mara moja. Taa hakuna, dashibodi nyeusi, honi haitoi hata mlio. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Nashukuru breki zilishika ile mara ya kwanza, nikaisogeza pembeni. Kukaa pale gizani na watoto nyuma, kila anayepita kwa miguu unamhesabu hatua, sitaki kueleza sana. Gari ya kuvuta ilikuja baada ya dakika arobaini, R1,300.

Gereji wakasema alteneta. R3,200 pamoja na ufundi. Siku tisa, ikazima tena, bahati ilikuwa karibu na nyumbani tukasukuma. Nikarudi pale pale. Safari hii wakasema kompyuta ya gari imeharibika, R16,500, na nitangulize nusu.

Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kuuliza risiti, lakini nakiri nilikuwa nimeshafungua programu ya benki nitume ile nusu. Aliyeniokoa ni mfanyakazi mwenzangu aliyenielekeza kwa mzee mmoja anayeshughulika na umeme wa magari peke yake. Mzee akatoza R650 ya kupima, akachukua mita, akaweka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia washa. Mita ikasoma volti 1.8. Akacheka. Akasema hapo ilitakiwa isome karibu na sifuri, hata nusu volti ni nyingi. Maana yake ule waya mnene wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini ulikuwa haupitishi umeme vizuri. Waliofunga kifaa cha kufuatilia gari, kile ambacho bima ilikitaka, waliazima nati ile ile, hawakukwangua rangi wala kukaza sawasawa. Kutu ikaingia. Gari ikitikisika, mguso unapotea, kila kitu kinakufa. Waya mpya na kusafisha, R180.

Sasa tuhesabu. Jumla R6,830. Katika hizo, zilizohitajika kweli ni gari ya kuvuta, kupima na waya, R2,130. Zilizobaki R4,700 nilizitupa kwa vitu ambavyo havikuwa vibovu. Kwa kiwango nilichotumia mwezi ule, shilingi 130 kwa randi moja, ni shilingi 611,000. Zilikuwa pesa za mabati ya nyumba ya mama. Mama alivumilia msimu mwingine wa mvua na turubai, na hakuniuliza kitu, na hilo ndilo linaloumiza.

Umeme wa gari unavyokwenda

Betri kazi yake kubwa ni kuzungusha stata. Injini ikishawaka, alteneta inayozungushwa na mkanda ndiyo inayolisha taa, feni, redio, pampu ya mafuta na kompyuta, na kurudisha chaji kwenye betri. Umeme unatoka upande wa chanya na kurudi upande wa hasi kupitia chuma cha bodi. Njia yoyote kati ya hizo mbili ikikatika, ya kwenda au ya kurudi, matokeo ni yale yale. Mafundi wengi wanaangalia ya kwenda tu.

Mita ya kupimia umeme ni kitu cha bei ndogo, haifiki hata bei ya kuku wawili wa kuchoma na soda. Nunua. Gari ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 imeisha. Washa injini: isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni ya mbele na ya nyuma, isishuke sana. Ikibaki 12 na kidogo huku injini inanguruma, alteneta hailishi, au mkanda umelegea, au waya wake una kutu. Ikipita 15, kidhibiti chake kimekufa na kitakuchomea betri na vifaa. Magari mapya mapya mengine yanashusha chaji yenyewe kwa makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo usiogope ukiona 13 kwa muda.

Kwa hizo namba tatu tu ningekuwa nimejua kabla ya kununua betri kwamba betri yangu ya zamani ilikuwa haipati chaji, siyo kwamba imezeeka.

Magari haya ya familia yana matatizo yake ya pekee. Mlango wa kuteleza na ule wa nyuma una nyaya ndani ya mpira, zinazokunjwa na kunyooshwa kila mtoto anapopanda na kushuka. Baada ya miaka zinakatika ndani kwa ndani, ganda likiwa zima. Waya uliochubuka ukigusa bodi unachoma fyuzi, na fyuzi hiyo inaweza kuwa inalisha vitu vingine kabisa. Ukiona taa ya ndani inapepesa mlango ukisogea, anzia hapo.

Halafu taa zenyewe. Balbu ya wati 5 nyuma kabisa, ambayo mtoto ameiacha inawaka na wewe mbele huioni, inakula karibu ampea 0.4. Ukiiegesha gari Ijumaa jioni ukaichukua Jumatatu jioni, ni saa 72, karibu ampea-saa 30. Betri ya 60 imekwisha nusu. Gari iliyozimwa na kutulia haitakiwi kula zaidi ya miliampea 50 hivi. King'ora, kifaa cha kufuatilia na skrini ya watoto vikifungwa ovyo vinakula mara nyingi ya hapo, na vingi tumefungiwa barabarani na kijana mwenye koleo.

Kuna kosa lingine la kumlaani fundi: anayechomoa betri injini ikiwa inawaka ili "aone kama alteneta inafanya kazi". Mkatalie. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla volti zinaruka na kuua kompyuta. Hapo ndipo R180 inapogeuka R16,500 ya kweli.

Siyo kila kuzima ni kosa la fundi au la mwenye gari. Mwaka 2020 Toyota iliita magari yarudi kwa sababu ya pampu ya mafuta ya umeme iliyotengenezwa na Denso; gurudumu dogo la plastiki ndani yake lingeweza kuvimba na kukwama, gari ikazima ikiwa kwenye mwendo. Ilipofika Oktoba mwaka huo hesabu ilikuwa takriban magari milioni 5.8 duniani. Ishara yake ni tofauti na yangu: injini inakufa lakini taa na honi zinabaki. Tofauti hiyo ikumbuke, mweleze fundi mapema, itakuokolea saa nzima ya kupima. Na kama gari ililetwa kutoka Japani kwa mtu binafsi, hakuna kampuni yenye namba yako ya simu. Ingiza mwenyewe namba ya chesesi kwenye tovuti ya Toyota ya Japani. Ni ya Kijapani, lakini simu yako inatafsiri.

Ikizima njiani: washa taa za dharura kama bado zipo, usikanyage breki mara nyingi nyingi maana msaada wake unatosha mara moja au mbili, bonyeza moja kwa nguvu ukielekea pembeni. Usizime swichi hadi kufunga usukani kabla gari haijasimama. Na taa nyekundu ya betri ikiwaka kwenye dashibodi ukiwa barabarani, una dakika chache za umeme uliobaki. Zima feni, redio, kila kitu, toka barabara kuu uelekee penye mwanga na watu.

Haki zako hapa Sauzi

Wengi hawajui hili. Sheria ya Kulinda Walaji, namba 68 ya 2008, inahusu biashara inayofanyika ndani ya nchi. Haiulizi pasipoti yako ya wapi. Ukinunua gari kwa muuzaji ambaye ndiyo biashara yake, hata kama imetumika, una miezi sita. Ikionekana ina ubovu ambao hukuambiwa na kuukubali waziwazi, wewe ndiye unayechagua: itengenezwe, ibadilishwe, au urudishiwe pesa. Wakitengeneza na ndani ya miezi mitatu ubovu ukarudi, wanabadilisha au wanarudisha pesa. Ukinunua kwa mtu binafsi lile neno "voetstoots" kwenye karatasi linakufunga, kwa hiyo pima kabla. Cheti cha ubora wa barabarani kisikudanganye, kinaangalia breki na taa, hakikuhakikishii alteneta.

Gereji nayo: spea mpya waliyofunga pamoja na kazi yao ina dhamana ya miezi mitatu angalau. Wanatakiwa kukupa makadirio kabla hawajaanza, na kile kifaa cha zamani ni chako, waambie uondoke nacho. Mimi ile alteneta yangu ya kwanza sikuidai. Naamini ilikuwa nzima na sasa inazunguka kwenye gari ya mtu. Mkishindwana, kuna msuluhishi wa sekta ya magari, MIOSA, na kulalamika kwake ni bure.

Lakini haya yote yanataka karatasi zenye jina lako. Ndugu wengi wanaendesha gari iliyoandikwa jina la rafiki kwa sababu wanadhani mgeni hawezi kusajili. Anaweza. Unaomba namba ya usajili wa barabarani, TRN, kwenye ofisi ya leseni kwa pasipoti na kibali chako, foleni ni ndefu, nenda na chai. Bila jina lako, hapo kwenye bima na madai utakuwa unamtegemea rafiki, na marafiki wanahama.

Na ile Noah ya nyumbani?

Afrika Kusini ni ghali. Kati ya nchi za G20, ndiyo ambayo kwa miaka mingi imekuwa na gharama kubwa kuliko zote za kutuma pesa nje. Kwa hiyo ukituma laki mbili ya betri, kisha laki nne ya alteneta, kisha laki nane ya kompyuta, umelipa ada mara tatu kwa ugonjwa mmoja.

Utaratibu wangu na mdogo wangu aliyeko Tanga ni huu. Gari ikigoma, natuma pesa ya kupima tu. Fundi anapima, mdogo wangu ananitumia picha ya mita ikiwa na namba zake, injini imezimwa na injini inawaka. Ndipo tunazungumza spea. Spea inalipwa moja kwa moja dukani, risiti ya EFD inapigwa picha, kifaa cha zamani kinarudi nyumbani. Mwanzoni alinuna, akaona namwita mwizi. Nikamweleza simtilii shaka yeye, nimetapeliwa mimi mwenyewe na digrii yangu ya biashara ukutani. Akaelewa.

Pesa yenyewe natenga R400 kila mwezi kwa gari zote mbili, kabla ya kutuma nyumbani, siyo baada. Isiwe kwenye akaunti ya kusubiri siku 32, maana gari haitoi notisi.

Machi mwaka jana Noah ikawa inachoma fyuzi kila siku ya tatu. Fundi wa kwanza akataka kufumua dashibodi nzima. Nikamwambia mdogo wangu avute kwanza ule mpira wa nyaya kwenye mlango wa nyuma. Nyaya mbili zilikuwa zimekatika, moja inagusa bodi. Shilingi 25,000, na jioni ile ile ilirudi barabarani.